Turbo mbili, tiyo moja

Kwenye ukuta wa mbao wa garaji yangu, Majengo hapa Goma, kuna tiyo ya chuma, yaani bomba jembamba, iliyotundikwa msumarini. Haifiki sentimita 40, na unene wake ni wa kidole cha mwisho. Niliikata kwa msumeno toka mwanzo hadi mwisho, ikafunguka kama ganda la njegere, ili tumbo lake lionekane. Ndani ni nyeusi tititi. Imejaa kitu kigumu mfano wa ukoko wa sufuria, na katikati ya ukoko huo imebaki njia ambayo njiti ya kiberiti haipiti. Kijana akija kujifunza kazi kwangu, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachompa mkononi, kabla ya spana.

Tiyo hiyo ilikuwa inapeleka mafuta ya injini kwenye turbo ya Hilux ya mama mmoja anayeuza maharagwe na vitunguu pale Kituku. Iliua turbo mbili. Ya kwanza naweza kusema iliuawa na nyakati. Ya pili niliiua mimi, na mama yule alikaa siku 17 bila gari kwa sababu yangu. Naandika haya kwa ajili ya fundi mwenzangu ambaye leo au kesho atafungua tiyo ya turbo, na kwa ajili ya mwenye gari anayeambiwa turbo yake imekufa bila kuambiwa imekufa kwa nini.

Mwaka 2021, jioni ya tarehe 22 Mei, volkano yetu ya Nyiragongo ilipasuka. Lava ikakata barabara ya Rutshuru, ikateremka mpaka Buhene, ikasimama si mbali na uwanja wa ndege. Ardhi iliendelea kutikisika, na tarehe 27 tukaambiwa mitaa kumi ihame. Kila mwenye magurudumu alielekea Sake. Hilux ya mama ilienda na kurudi usiku na mchana, imebeba watu, magodoro na mbuzi. Kutoka Goma hadi Sake ni kama kilomita 25 tu, lakini siku zile gari lilikuwa linasonga hatua kwa hatua, halafu mbele kukifunguka shoferi anakanyaga hadi mwisho. Akifika Sake anazima papo hapo, maana dizeli ilikuwa ya kuhesabu kwa tone. Watu wanashuka, anawasha, anarudi. Simlaumu hata kidogo. Alitoa watu wengi, na kati yao alikuwemo dada yangu na watoto wake.

Ila turbo haijui sababu za mtu kuzima gari. Ndani yake kuna shafti moja yenye feni mbili. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya upande wa ekzosi, na ile ya upande wa pili inasukuma hewa iingie kwa wingi kwenye silinda. Sisi tunaihitaji kuliko watu wa pwani: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa umepungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Gari likipanda mlima na mzigo, shafti hiyo inapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi tunazozifungua huku haishikwi na beringi za gololi kama gurudumu. Inaelea ndani ya bushi, yaani pete nyembamba, juu ya utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Mafuta hayo yanasukumwa na pampu ya injini, yanapita kwenye tiyo nyembamba ya juu, yanaogesha bushi na kubeba joto, kisha yanateremka kwa uzito wake mwenyewe kupitia tiyo nene ya chini hadi kwenye karteri, lile bakuli la mafuta lililo chini ya injini.

Upande wa ekzosi unaweza kupita digrii 700. Ukizima injini ghafla, pampu inasimama na mafuta yanasimama. Joto lenyewe halisimami. Linatoka kwenye chuma cha ekzosi, linaingia katikati ya turbo, linayakuta mafuta yamelala pale na kwenye ncha ya tiyo iliyo karibu nayo. Mafuta yanaiva. Leo yanaacha utando wa rangi ya chai, kesho utando juu ya utando, na baada ya muda ni ukoko. Ndivyo Hilux ile ilivyopikwa kidogo kidogo, kabla ya Sake na wakati wa Sake.

Mwezi wa saba ikaja kwangu ikitoa moshi wa buluu na kulia kama filimbi. Nilitoa mpira wa hewa, nikashika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ilicheza huku na huku mpaka feni ikagusa ukuta, na mapanga yake yalikuwa yameshakwaruzika. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida, hasa turbo ikiwa kavu, lakini kugusa ukuta ni mwisho wa habari, na kuingia na kutoka kwa mbele na nyuma hakutakiwi kuhisika. Nikamwambia mama: turbo imekufa. Hiyo ilikuwa kweli. Sikujiuliza imekufa kwa nini, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mama alitoa pesa ya magunia aliyokuwa amepanga kununua kule Minova. Turbo iliyotumika ikaja kwa basi kutoka Kampala. Niliifunga mchana mmoja, nikajivunia kumaliza kabla ya giza. Nieleze nilichokifanya na ile tiyo ya juu, kwa sababu najua mafundi wengi wanafanya hivyo hivyo hadi leo. Niliishika, nikaipuliza kwa kompresa, hewa ikatoka upande wa pili, nikaridhika. Washa zake za shaba, ambazo huku tunaziita rondele, zilikuwa zimelala na kuchakaa. Sikuwa na mpya. Kwa kuogopa zisivujishe, nikapaka silikoni nyekundu juu na chini, nikakaza. Nikamimina mafuta kwenye injini, nikawasha kwa ufunguo. Injini ilinguruma vizuri. Moshi ulikwisha. Mama alinishukuru sana.

Siku ya tisa shoferi akanipigia simu akiwa karibu na Mubambiro. Gari limekosa nguvu, linalia, nyuma ni moshi mtupu.

Tulilivuta hadi garaji. Nilipofungua turbo, shafti ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, ile rangi ya chuma kilichounguzwa bila mafuta, na bushi moja ilikuwa imegandana nayo. Hasira yangu yote niliielekeza kwa aliyeniuzia. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia. Jirani yangu wa garaji, mzee aliyekulia Lubumbashi, akasikia kelele zangu akavuka barabara. Huyu mzee ujanani mwake alikaa miaka mingi kwenye karakana za huko kwenye shaba, na kila mtu hapa Majengo anamwita Papa. Hakuitazama turbo. Aliigeuza mara moja mkononi, akaiweka chini.

"Leta tiyo."

Nikamwambia tiyo ni nzima, Papa, niliipuliza na hewa ilipita.

"Mwana yangu, hewa inapita fasi mafuta haipite."

Akaomba msumeno. Tuliikata pale pale juu ya jiwe, na alipoifungua sikuwa na la kusema. Kisha akachukua ile bolti inayoshika tiyo. Ni bolti iliyo tupu ndani kama mwanzi, yenye matundu madogo ubavuni. Mafuta hupita ndani yake ndipo yaingie kwenye turbo. Akaichokoa kwa sindano. Ukatoka uzi wa silikoni nyekundu, laini, wa urefu wa punje ya mchele. Ulikuwa umekaa juu ya tundu kama kizibo. Silikoni ile ile niliyoipaka kwa mkono wangu ilikuwa imebanwa na kufurika kwa ndani, ikakatika, ikasafiri na mafuta hadi mahali pembamba kuliko pote.

Nilimpigia mama simu usiku huo. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na habari ya silikoni, na kwamba turbo ya tatu nitanunua mimi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo moja tu: itachukua siku ngapi? Siku zile 17 alilipa chukudu, zile skuta za mbao za kusukuma, zimbebee mzigo ndani ya mji, na safari za Minova alizikosa. Turbo nililipa, tena kwa kuuza pikipiki yangu. Siku zake sikuweza kumrudishia.

Turbo ya tatu niliifunga kwa siku mbili nzima, Papa akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na ndivyo ninavyoifanya kazi ile hadi sasa. Kwanza alinirudishisha kwa muda turbo iliyokufa na tiyo chakavu mahali pake, nianze upya kama gari ambalo halijaguswa.

Jioni ya siku ya kwanza sikufungua chochote. Niliosha injini upande wa turbo kwa dizeli na brashi, kisha maji, kisha hewa. Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa habari ya vumbi letu. Garaji yangu imesimama juu ya lava ya 2002, ile iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, na kila gari likipita linasaga mawe yale kuwa unga. Unga huo ni mkali. Chembe moja ikiingia kwenye tundu la mafuta ya turbo, inakwenda moja kwa moja mahali ambapo nafasi kati ya chuma na chuma ni sehemu za mia za milimita. Kwa hiyo uchafu unaondolewa kabla ya kufungua. Baada ya kuosha, nikanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati na kila bolti ya upande ule: za bati la kukinga joto, za tiyo ya juu, za tiyo ya chini. Nikaacha hadi asubuhi. Nati za pale zimepikwa na ekzosi kwa miaka. Ukizilazimisha zikiwa kavu zinakatika, na stadi, ile bolti isiyo na kichwa, ikikatikia ndani ya turbo inaweza kukugharimu siku nzima ya kutoboa.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa nilipiga picha kwa simu, kila pembe, hasa mahali kishikizo cha tiyo kilipofungwa. Nikamwaga mafuta ya zamani. Kama turbo inapozwa pia na maji, maji nayo yanamwagwa wakati huu, la sivyo yatamwagikia mahali usipotaka. Bati la kinga likatoka. Kisha tiyo ya juu, na hapa Papa alinisimamisha. Nilikuwa nimeshika spana moja. Akanipa ya pili. Bolti ya upande wa bloku, yaani mwili wa injini, imefungwa kwenye kiungio, na ukizungusha bolti peke yake kiungio kinazunguka nacho, tiyo inajinyonga. Tiyo iliyonyongwa haionyeshi jeraha siku hiyo. Inapasuka baada ya wiki, barabarani, na mafuta yanaruka kwa nguvu ya pampu juu ya chuma chekundu cha ekzosi. Magari yanaungua hivyo. Spana moja ishike, nyingine ifungue.

Tiyo ilipotoka, kila tundu lililobaki wazi niliziba kwa kipande cha kitambaa safi: kwenye bloku, juu ya turbo, na baadaye chini. Papa alitaka vitambaa vya rangi kali, vipande vya kitenge cha njano, na alitaka nivihesabu kwa sauti. Vinne. Wakati wa kufunga nitatoa vinne. Nimeshasikia habari ya garaji, mbali na hapa, iliyosahau kitambaa cheupe ndani ya tiyo ya chini.

Tiyo ya chini inashikwa na nati mbili na gasketi upande wa turbo, na upande wa karteri kuna mpira wenye klipu. Watu wanaidharau kwa sababu haina presha. Ndiyo sababu inastahili heshima. Mafuta yakitoka kwenye turbo hayatoki kama maji ya bomba. Yametikiswa na shafti hadi yamekuwa povu, mfano wa povu la bia, na hakuna kinachoyasukuma ila uzito wake. Ndiyo maana tiyo hii ni nene mara kadhaa kuliko ya juu, na inapaswa kushuka bila kupinda. Watengenezaji wa turbo wanataka isiinamie zaidi ya digrii 35 kutoka wima. Ikizibwa kidogo tu, mafuta yanapanda, yanajaa katikati ya turbo, yanatafuta pa kutokea, yanapita kwenye feni. Moshi wa buluu. Na fundi ataapa turbo ni mbovu.

Nilikutana na jambo hilo miezi michache baadaye, kwenye Land Cruiser ya jamaa mmoja wa Himbi. Alikuwa amebadilishiwa turbo mara mbili mahali pengine na moshi ukabaki vile vile. Niliishika shafti: imara. Nikafungua tiyo ya chini, nikakuta gasketi iliyokatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ngumu, tundu lake dogo kuliko tundu la chuma, na limekaa upande. Nusu ya njia ilikuwa imefungwa. Gasketi mpya yenye tundu kamili, tiyo ikasafishwa, moshi ukaisha ndani ya nusu saa, yaani baada ya mafuta yaliyobaki kwenye ekzosi kuungua. Siku hizi moshi wa buluu ukija baada ya turbo mpya, kabla ya kugusa turbo nauliza mambo matatu: tiyo ya chini iko wazi? Mafuta ya injini hayakuzidishwa juu ya alama, hata yakafunika mdomo wa tiyo kwenye karteri? Na mpira wa kupumulia wa injini haujaziba? Injini isiyopumua inajaza presha kwenye karteri, na presha hiyo inayazuia mafuta ya turbo kushuka.

Turudi kwa Hilux. Tiyo mpya ya juu haikupatikana Goma, ikaagizwa. Kuna waliojitolea kunitengenezea ya mpira wa dizeli na klipu mbili, kwa bei ndogo, siku hiyo hiyo. Nilikataa na ninaendelea kukataa. Mpira ule haukutengenezwa kwa joto la pale wala kwa mafuta ya moto yenye presha. Ukilainika umemwaga mafuta juu ya ekzosi. Tiyo ikiwa na utando mwembamba tu, inaweza kulowekwa kwenye petroli usiku kucha, ikapitishwa waya laini wa breki ya baiskeli, ikapulizwa, ikarudiwa hadi petroli inayotoka ni safi. Ikiwa na ukoko mgumu, isirudi kwenye gari. Vipande vitaachia siku moja injini ikipata joto, na vitakwenda kule kule ulikokwenda uzi wangu wa silikoni. Bolti yenye matundu nayo inasafishwa kwa sindano na kuangaliwa kwenye mwanga; nyingine zina chujio dogo ndani, na wengi hawajui kama lipo.

Rondele. Papa aliniambia nitafute mpya, na ni kweli mpya ndiyo bora. Lakini akanionyesha pia jambo alilojifunza Lubumbashi, nami ninalithamini sana. Shaba ikibanwa na kupigwapigwa inakuwa ngumu, haikubali tena kujaza mikwaruzo. Aliishika rondele ya zamani kwa koleo, akaichoma kwa moto wa gesi hadi ikawa nyekundu hafifu, akaichovya kwenye maji. Chuma cha patasi kikichomwa vizuri na kuchovywa kinakuwa kigumu; shaba inarudi kuwa laini kama siku ilipozaliwa, na maji hayana kazi zaidi ya kuipoza na kubandua magamba meusi. Kisha akaisugua juu ya kioo kilichowekewa msasa laini, hadi uso ukawa sawa pande zote. Iliyokatika ukingo au iliyoliwa sana aliitupa. Rondele ni mbili kwa kila bolti, moja juu ya tiyo na moja chini yake, na kila uso inapokaa unafutwa kwa kitambaa safi. Hakuna silikoni. Hakuna gundi ya aina yoyote kwenye njia ya mafuta ya turbo, juu wala chini. Hilo sasa nimeliandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa garaji.

Kufunga nilianza kwa vidole. Bolti zote za tiyo, juu na kwenye bloku, pamoja na ile ndogo ya kishikizo, zilianzishwa kwa mkono mizunguko mitatu au minne kabla spana haijagusa hata moja. Ukikaza upande mmoja kwanza, upande wa pili unakataa kukaa, unaanza kuvuta tiyo kwa nguvu, nyuzi zinapandana. Baada ya zote kushika, unakaza kidogo hapa, kidogo pale. Mkono wa mtu mwenye nguvu ni hatari kwa bolti tupu: ukuta wake ni mwembamba, unakatika. Tulitumia spana ya kupimia, kwa kipimo cha injini ile. Kishikizo hakiachwi. Kuna mafundi wanaokiona ni usumbufu, wanakitupa. Tiyo inabaki ikitetemeka na injini, na barabara ya Sake inamaliza kazi.

Lakini kabla ya kufunga tiyo ya juu, kuna jambo ambalo lingeweza kuokoa turbo ile ya pili licha ya makosa yangu mengine. Turbo mpya ni kavu. Ukiwasha injini, mafuta yanahitaji sekunde kadhaa kujaza filta mpya, njia zote na tiyo, na wakati huo shafti imeshaanza kukimbia juu ya chuma kikavu. Kwa hiyo nilimimina mafuta safi ya injini kwenye tundu la juu la turbo, taratibu, huku nikizungusha feni kwa kidole, hadi nikayaona yakidondoka chini. Mafuta mapya, filta mpya, na mafuta kutoka kwenye galoni iliyofungwa, maana yale yanayopimwa kutoka kwenye pipa sokoni huwezi kujua yamepita injini ngapi. Nikachomoa waya wa pampu ya dizeli ili injini isiwake. Ncha ya juu ya tiyo tukaielekeza kwanza kwenye chupa safi, nikapiga stata sekunde kumi, nikaipumzisha, nikarudia. Mara ya tatu mafuta yakaja. Yalikuja kama uzi usiokatika, mnene, yakajaza chini ya chupa. Papa alisimama kutoka kwenye kiti chake kuja kuyatazama. Kwa turbo ile ya Kampala sikuwahi kuuona uzi huo, kwa sababu sikuwahi kuutafuta.

Tukafunga ncha ya juu, tukapiga stata tena hadi taa ya mafuta ikazimika, tukarudisha waya. Vitambaa vya njano: vinne mezani. Injini iliwaka, nikaiacha silensa, yaani ikinguruma polepole yenyewe, dakika kumi bila kumruhusu mtu yeyote kukanyaga. Nilipita na tochi na karatasi nyeupe, nikaipapasa karatasi chini ya kila rondele, kuzunguka gasketi, chini ya klipu. Kisha tukaizima, tukaiacha ipoe, nikapita na spana mara moja zaidi, maana shaba laini hujilaza kidogo baada ya joto la kwanza.

Shoferi nilimkalisha ndani ya gari nikamweleza habari yote, na tiyo iliyokatwa ikiwa mapajani mwake. Nilimwomba dakika mbili tu. Ukifika umetoka kwenye mlima au mwendo mkali, acha injini ilie polepole dakika mbili ndipo uzime. Aliniuliza dizeli ya dakika mbili ni kiasi gani. Tukapiga hesabu pamoja: injini ile ikiwa silensa haimalizi lita moja kwa saa, kwa hiyo ni kama kijiko au viwili vya mezani. Akaitazama ile tiyo tena. Siku hizi akifika Kituku anashuka, anafungua turubai nyuma, anaita wabebaji, halafu ndipo anarudi kuzima.

Baada ya wiki tatu mama mwenyewe alikuja na gari. Alikuwa amekwenda Minova mara tano. Nililaza kartoni chini, nikaingia na tochi, nikapitisha karatasi kwenye rondele za juu, za bloku, kwenye gasketi ya chini. Nikatoka nikampa karatasi aiangalie mwenyewe. Aliigeuza pande zote mbili, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake pamoja na risiti.